Bwana Mifugo na Kondoo Wangu Sita

Kintinku nzima ilimwita Bwana Mifugo. Hata mkewe, siku akiwa na hasira, alisimama mlangoni akaita, "Bwana Mifugo, uji unapoa," na sisi majirani tukajua leo huko ndani hali si shwari. Jina lake nalijua, nimeliona kwenye karatasi za serikali, lakini sijawahi kulitamka na sitaanza leo. Alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani, hayo waulizeni wengine. Mimi nilikaa naye uzio mmoja wa minyaa katikati, miaka na miaka, na nitasema niliyoyaona.

Na niseme kabisa, msije mkadhani nimekaa hapa kumsifia mtu bure. Nilimdanganya. Watafiti walipokuja kijijini kujaribu chanjo mpya ya homa ya Bonde la Ufa, mimi Mama Neema nilibadilisha kondoo sita kabla ya siku ya sindano, na uongo wangu ukaingia kwenye daftari lake. Miaka saba nilikaa na jambo hilo. Kila niliposikia redioni kwamba chanjo za wanyama zinaendelea kutafitiwa na matokeo ni mazuri, nilizima redio. Mazuri ya nani? Ya kondoo wangu wa uongo? Na kama siku moja watu watachomea mifugo yao dawa iliyopimwa kwa udanganyifu wangu, halafu ikawadhuru, nitamwambia nini Mungu?

Lakini tuanze na mabuti. Alikuwa na mabuti ya mpira, meusi, aliyavaa masika na kiangazi, kanisani na sokoni. Jua la Kintinku mnalijua. Nilimwuliza mara moja, "Bwana Mifugo, miguu haichemki humo?" Akanijibu, "Inachemka, Mama Neema, lakini haiumwi." Alipewa pikipiki na serikali, pikipiki nzuri nyekundu, na aliiendesha kwa woga hadi wanawake wenye ndoo kichwani walimpita wakimpungia mkono. Kwenye mteremko wa reli alikuwa anashuka na kuikokota.

Kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto, kulikuwa na kipande cha sabuni ya mche kimefungwa kwenye nailoni. Alinawa kabla ya kumshika mnyama, akanawa baada ya kumshika, akitoka kwa mbuzi wa kwanza kwenda kwa wa pili ananawa tena. Msibani sisi tukiwa tumeshakaa kwenye sinia, yeye bado yupo kwenye ndoo anasugua kucha. Akimkuta mwanamke anazalisha kondoo kwa mikono mitupu, hee, hapo ndipo utamjua! Mtu mpole yule alifoka mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Alikuwa anatugawia mifuko ya plastiki tuvae mikononi, na wengine wetu, tusidanganyane, tuliifungia chumvi.

Sasa kuhusu swali lake. Kila mnyama aliyeletwa mbele yake, kabla hajajaza bomba la sindano, alimwuliza mwenye mnyama, "Ana mimba?" Ukijibu hana, haamini. Anapiga goti, anapitisha kiganja chini ya tumbo, anafumba macho kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Ndipo aseme, "Hana. Mshikilieni." Dawa ya minyoo, "Ana mimba?" Dawa ya kupe, "Ana mimba?" Siku moja kwenye josho mzee mmoja alimleta beberu, pembe hizi, ndevu mpaka kifuani, harufu yake unaipata toka barabarani. Bwana Mifugo alikuwa ameinama anaandika, na bila kuinua kichwa akauliza, "Ana mimba?"

Yule mzee akasema, "Kama anayo, basi ni ya kwako."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Yeye hakucheka. Aliinuka, akaja, akapitisha kiganja chini ya tumbo la lile beberu, akafumba macho. "Hana," akasema. "Mshikilieni." Toka siku hiyo watoto walimwita Ana Mimba, akiwa amewapa mgongo. Binti yangu Neema alipoletewa posa, Bwana Mifugo aliketi na wazee upande wetu, na shangazi wa Neema akaninong'oneza, "Huyu mzee asije akamwuliza bwana harusi lile swali lake." Nilimfinya. Nilidhani ni kichaa kidogo tu cha kazi, kama fundi cherehani anayeangalia mishono ya nguo za watu kanisani. Sikujua swali lile lilitoka wapi. Nitafika huko.

Zawadi hakupokea. Si mguu wa mbuzi, si maziwa, si hata yai. Mwaka kideri kilipomaliza kuku wake, nilimpelekea tetea kwenye tenga, kwa huruma tu ya jirani. Kesho yake asubuhi tetea akarudi, tenga lile lile, na mayai mawili yamefungwa kwenye karatasi. "Ametaga kwangu," akasema, "lakini ni yako." Nikamwambia wewe mtu una maringo. Akasema, "Nikila kuku wako, Mama Neema, kesho mkono wangu utamwonea huruma mbuzi wako, na mbuzi haponi kwa huruma."

Kilichotuuma zaidi ni hiki. Kwetu, mtu mwenye akili haweki mifugo yote zizi moja. Unapeleka watatu kwa shemeji, wawili kwa rafiki wa Ikungi, mmoja kwa jirani. Anakutunzia, na wakizaa unamwachia mtoto mmoja. Ukame ukija au ugonjwa ukipita, haukumalizi. Na aliyekutunzia mnyama si mtu baki tena, huyo ni ndugu, mtazikana. Baba Neema, mume wangu, alitaka kumwekea Bwana Mifugo kondoo wawili. Ni heshima kubwa hiyo, kwa mtu ambaye hata Kigogo alikiongea kama ana ugali wa moto mdomoni. Akakataa! Alisema, "Siwezi kuwa ndugu wa zizi moja halafu niwe bwana mifugo wa mazizi yote." Baba Neema alirudi nyumbani amenuna. "Mtu mkavu yule," akasema.

Kumbe hakuwa mkavu hata kidogo. Mtu aliyechoma ng'ombe wa tarafa nzima, alikuwa anaogopa sindano! Zilipokuja chanjo za watu zahanati, alijipanga kwenye foleni nyuma yangu. Tulipofika mlangoni, nikageuka, hayupo. Nikamwona huko kwenye mti wa mwisho, anajifanya anakagua kwato za mbuzi wa mtu. Mkewe ndiye aliyekwenda kumkokota kwa mkono wa shati. Aliposhikwa bega alifumba macho, nami nikasema kwa sauti, watu wote wasikie, "Nesi, umemwuliza kama ana mimba?" Siku hiyo alicheka. Alicheka hadi nesi akasema, "Mzee, tulia, sindano itakatika."

Sasa mwaka wa mvua kubwa. Kwa asiyeujua ugonjwa huu: mvua zinazidi, maji yanatuama, mbu wanakuwa wengi kupita kiasi, halafu kondoo wanaanza kutupa mimba, zizi zima, kwa juma moja. Mtu akichinja mnyama mgonjwa, au akishika ile mimba iliyotoka, naye anaweza kuupata. Mwaka ule Baba Neema alisaidia kuchinja ng'ombe wa jirani aliyekuwa anakufa. Nyama isipotee, walisema. Siku chache baadaye alipandwa na homa, nikamwuguza huku nimeshika Biblia mkono mmoja na beseni mkono mwingine. Alipona. Jicho la kulia halikupona. Mpaka leo ukimpa chai upande huo inamwagika.

Zizi letu lilikuwa halijaguswa. Kondoo wangu walikuwa wazima, wananawiri, wengi wana mimba. Ndipo chanjo ya zamani ikaletwa, ikiwa imechelewa, na Bwana Mifugo akachoma kijiji kizima siku moja, macho mekundu, hajala. Alichoma na wa kwangu. Hakuuliza kitu. Siku zile lile swali lake lilikuwa halijazaliwa. Baada ya siku kadhaa kondoo wangu wakaanza kutupa mimba. Kumi na mmoja. Niliwahesabu nikiwafukia. Nilikwenda uzioni nikamwita, nikamwambia mbele ya watu, "Ni sindano yako!" Akasimama na mabuti yake, akaangalia chini, akasema, "Ni ugonjwa, Mama Neema." Nikamwambia yeye ni mwongo na sindano zake ni za uongo, na mengine ambayo kwa umri wangu huu siwezi kuyarudia.

Miezi ikapita tukaanza kusalimiana, maana uzio wa minyaa hauzuii chumvi kuazimwa. Lakini neno lile lilinikaa. Nilimpenda kama jirani na sikumwamini na sindano. Mtu anaweza kubeba yote mawili, mimi ni shahidi.

Basi wakaja watafiti. Tulikusanyika kwenye darasa la shule ya msingi, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Walituambia wanatengeneza chanjo mpya ya ugonjwa ule, ambayo haitakiwi kuharibu mimba, na wanatafuta mazizi ya kujaribia. Kondoo wengine watachomwa chanjo, wengine maji ya chumvi tu, na hakuna atakayejua nani kapata nini, hata Bwana Mifugo mwenyewe, mpaka mwisho. Mama mmoja akauliza, "Sasa kama na wewe hujui, tukuulize nini?" Bwana Mifugo akasema, "Niulizeni kama nimeandika. Mimi kazi yangu ni kuandika ninachokiona, siyo ninachokitaka."

Baba Neema, na jicho lake moja, akasimama akatoa hotuba. Alisema asingetaka mtu mwingine apotelewe na jicho, zizi lake wachukue hata lote. Watu wakapiga makofi. Sasa ningesema nini mimi? Fomu yenyewe ilisema mtu anaweza kujitoa wakati wowote, bila kuulizwa. Lakini mume wangu kapigiwa makofi! Nisimame niseme sitaki?

Siku ya kwanza waliandikisha tu. Bwana Mifugo alichagua kondoo wangu sita, wote wenye mimba, aliwapapasa mmoja mmoja amefumba macho. Akafungua vinywa akahesabu meno, akatoa damu kidogo, akawavika hereni za plastiki masikioni, arobaini na moja mpaka arobaini na sita. Sindano, akasema, ni baada ya juma moja. Nikamwuliza kwa upole, "Hii haiharibu mimba kweli?" Akasema, "Ndiyo tunataka kuhakikisha." Angesema tu haiharibu! Mtu mwingine angesema. Lile neno kuhakikisha lilinifukuza usingizi.

Nikafanya tunachofanya sisi siku zote tukiogopa: nikawapeleka mbali. Dada yangu ameolewa Ikungi. Nilimwambia Baba Neema kwamba dada anataka tubadilishane kondoo kama kawaida ya ndugu, akanikubalia, hakuangalia ni wepi. Nilizikata hereni kwenye kipini kwa kisu cha moto. Nikapakia wale sita kwenye kigari cha kirikuu mchana kweupe, bila kibali cha kusafirisha wala nini, dada akanirudishia sita wake wakongwe, wasiozaa tena, na nikawavika zile hereni kwa uzi wa kushonea viatu. Nilijiona nina akili! Desturi ya ndugu, nani atauliza?

Siku ya sindano moyo ulikuwa unadunda mpaka nadhani kondoo walisikia. Bwana Mifugo alinawa. Akauliza, "Ana mimba?" Nikasema anayo, si ulimpima mwenyewe? Akapitisha kiganja. Akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akafungua kinywa cha kondoo, akaangalia, akakifunga taratibu kama anafunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Watu walikuwa wamesimama uzioni wanatazama. Aliandika. Akachoma. Akaenda kwa wa pili, wa tatu, wote sita, goti, kiganja, kinywa, daftari, sindano. Alipomaliza alinawa tena akasema, "Asante, Mama Neema." Akapanda pikipiki yake akaondoka mdogo mdogo.

Nilijua nimemshinda. Siku mbili nilikuwa na furaha. Siku ya tatu Baba Neema alikuwa anamweleza mgeni jinsi kondoo wetu watakavyosaidia watu, kafumba jicho zima na lile bovu linatazama ukutani, na mimi nikaondoka nikaenda kukaa nyuma ya jiko.

Awamu ya pili ya majaribio ilipokuja, ilikuja na kijana mgeni. Bwana Mifugo hakuwemo. Watu wakasema amechoka, anakaribia kustaafu. Na kweli, mwaka uliofuata alistaafu, wakahamia Mandewa, Singida mjini, kwenye nyumba waliyokuwa wanaijenga tofali kwa tofali. Siku ya kuaga nilimfungia karanga. Akazikataa.

Mwaka huu ndiyo Neema akanijia. Zizi sasa ni lake, mimi naangalia tu. Yeye ndiye anayezalisha kondoo, mikono yake ndiyo inayoingia humo, na yeye mwenyewe kwa sasa ni mjamzito. Akasema, "Mama, wale watafiti wanarudi. Chanjo imefika hatua ya mwisho, wanaandikisha mazizi. Wanasema awamu zilizopita zimeonyesha haina shida. Nataka kuingia." Nikamtazama tumbo. Awamu zilizopita! Nilimwambia asubiri, nina safari ya Mandewa.

Sikwenda mkono mtupu. Nilichukua kondoo jike kijana, mjukuu wa yule namba arobaini na nne wa kweli, niliyemrudisha baadaye kutoka kwa dada, ana doa jeusi jichoni kama bibi yake. Tulisafiri kwa gari la mizigo mpaka mjini, na kutoka stendi tukapanda bodaboda, kondoo katikati yangu na dereva. Dereva kila tukifika kwenye tuta anasema, "Mama, huyu ananipumulia sikioni."

Bwana Mifugo alikuwa uani anamwagilia mchicha, amevaa mabuti. Jamani, mabuti yale yale! Amepungua mwili, nywele zimekuwa nyeupe zote.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba, Mama Neema. Karibu sana. Jicho la Baba Neema linaendeleaje?"

"Anaona nusu ya mambo, na anailalamikia hiyo hiyo."

Akacheka, akafunga bomba la maji. Halafu akamwona kondoo. Uso wake ukabadilika ukawa wa kazini. "Kibali cha kusafirisha kiko wapi?"

Nikafungua pindo la kanga, nikampa. Ninacho! Kina mhuri! Alikisoma mbele, akageuza akasoma nyuma ambako hakuna maandishi, akanirudishia. "Vizuri," akasema. "Safari hii umekata."

Nilisimama pale na kamba mkononi. Safari hii. Maneno niliyoyapanga njia nzima yote yakapotea, nikasema tu, "Ulijua."

"Kaa kwanza, Mama Neema."

"Sikai. Ulijua?"

"Namba arobaini na mbili siku ya kwanza alikuwa na meno mapana manne," akasema. "Juma moja baadaye ana manane, na mawili yameng'oka. Mimi nimefanya kazi hii maisha yangu yote, sijawahi kuona kondoo anazeeka namna hiyo kwa siku saba. Na hereni ameshonewa na fundi viatu."

"Na bado ukawachoma?"

"Watu walikuwa wamejaa uzioni. Ningefanyaje, nikuvue nguo mbele yao? Niliwachoma, haikuwadhuru. Lakini kwenye daftari nilichora mstari. Wote sita. Niliandika, kondoo hawa siyo walioandikishwa, zizi hili lisihesabiwe."

"Halikuhesabiwa?"

"Halikuhesabiwa."

"Hata mmoja hakuingia?"

"Hata mmoja."

"Hata arobaini na nne?"

"Mama Neema," akasema, "hata mkia wake."

Ndipo nikakaa. Nilikaa pale pale chini, kwenye tope la mchicha, na nililia kwa sauti mpaka mkewe akachungulia dirishani. Siyo kilio cha huzuni. Nilikuwa nahisi mwili unakuwa mwepesi kuanzia mabegani kushuka. Miaka saba! Miaka saba nalala na kondoo sita kifuani, kumbe mtu huyu alikwishawatoa siku ile ile, na goti lake likiwa bado lina mavi ya zizi langu. Dawa ilikuwa safi. Neema wangu alikuwa salama. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na katikati ya kushukuru nikakasirika.

"Sasa mbona hukuniambia? Umeniacha nikateseka!"

"Sikujua unateseka. Nilidhani umefurahi kunishinda."

"Na wakubwa wako walisemaje?"

Akatazama mabuti yake. "Waliuliza hereni zimekuwaje. Nikasema nilizifunga vibaya mimi. Awamu ya pili wakaona afadhali wachukue kijana. Kuhusu kondoo niliwaambia kweli yote, Mama Neema. Kuhusu mtu, hawakujua kuuliza."

Mtu yule aliishi kwa ajili ya zile asubuhi za mazizini. "Kwa nini lakini? Kwa ajili yangu mimi, niliyekutukana uzioni mbele ya kijiji?"

Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, taratibu, magoti yakilia. "Kwa sababu ulikuwa umesema kweli," akasema. "Wale kumi na mmoja. Chupa ya chanjo ile ya zamani ilikuwa imeandikwa, asichomwe mwenye mimba. Nilisoma. Lakini ugonjwa ulikuwa umefika kijiji cha pili, foleni ndefu, jua linazama, nikasema nikianza kuuliza kila mmoja sitamaliza. Sikuuliza. Halafu ukaja uzioni, na mimi nikakuambia ni ugonjwa." Akafuta tope kwenye buti. "Niliona zile hereni zimeshonwa uzi, nikajua ni nani aliyekufundisha kuogopa sindano yangu. Niliwaua mimi wale, Mama Neema. Nisamehe."

Nilikuwa nimejiandaa miaka mingi. Kuna matusi niliyatunza kwa ajili ya siku mtu huyu atakapokiri, matusi mazuri, ya Kinyaturu, ya mama yangu mzazi. Nikayatafuta sikuyapata. Nilichokiona mbele yangu ni mzee amekaa kwenye ndoo, na nilikumbuka beberu, na viganja, na macho yaliyofumbwa, na watoto wakimwita Ana Mimba, na mimi nikicheka kuliko wote.

"Nimekusamehe," nikasema. "Na wewe unisamehe."

"Mimi nilishachora mstari."

Tukacheka, kamasi zinatutoka wote wawili. Mkewe akaleta chai, akatuangalia, akaondoka bila kuuliza. Tulikunywa. Baadaye nikamwambia habari za Neema, kwamba anataka zizi liingie kwenye awamu hii ya mwisho. Akauliza maswali mengi, nani anaongoza, damu zinapelekwa wapi, kisha akasema, "Aandikishe. Akiogopa, ajitoe wazi, mwambie hakuna atakayemcheka. Na uzi wa viatu ufiche."

Nikasimama, nikaifunga kamba ya kondoo kwenye nguzo ya uzio wake. Akaanza pale pale. "Mama Neema, unanijua. Sipokei."

"Nani amekupa?" nikamwambia. "Huyu ni wangu. Nakuwekea, unitunzie. Ulisema huwezi kuwa ndugu wa zizi moja ukiwa bwana mifugo wa mazizi yote. Haya, sasa una mazizi mangapi? Una mchicha."

Alitazama kondoo, akatazama mlango wa jikoni ambako mkewe alikuwa amesimama anangoja jibu kama mimi. Kisha akatoa kile kipande cha sabuni mfukoni, akanawa bombani, mikono yote mpaka viwiko, akaja akapiga goti. Sikumsubiri aanze.

"Ana mimba?" nikamwuliza.

Kiganja kikapita chini ya tumbo, macho yakafumbwa. Alikaa hivyo hadi nikadhani amesinzia.

"Anayo," akasema.

"Akizaa nipigie simu."

"Na akizaa mmoja tu?"

"Huyo ni wako," nikamwambia, nikaenda kutafuta bodaboda.